Kibanzi Kidoleni, Skrubu Mguuni

Kibanzi chenyewe hakikuzidi urefu wa kope. Kiliingia Ijumaa jioni nikiburuta ubao wa zamani, kikazama chini ya ngozi ya kidole cha shahada, nikakipuuza. Jumapili asubuhi kidole kimevimba, kina moto, kinapwita sambamba na moyo. Kwapani pameota mtoki mdogo uliouma kila nilipoinua mkono. Nikakaa dirishani penye mwanga na sindano niliyoichemsha, nikaanza kuchokoa.

Mpwa wangu alikuwa mezani na daftari la biolojia, anakariri kwa sauti. "Mfumo wa kinga hutambua kitu kigeni kilichoingia mwilini na kukishambulia." Alirudia mara tatu. Ya nne hakuimaliza.

"Mjomba, zile skrubu za mguuni bado zimo?"

"Zimo. Sita, na bamba lake."

"Mwaka wa ngapi sasa?"

"Wa kumi na moja."

"Mbona mwili wako haujazitambua?"

Usaha ulitoka papo hapo, kibanzi nacho kikafuata, nikapata kisingizio cha kutazama kidole badala ya kumjibu.

Hizo ni wiki saba zilizopita. Kidole kilipona ndani ya siku tano. Swali halijapona.

Majibu mawili mabovu

Nilimwambia chuma si kitu hai, kwa hiyo mwili hauna habari nacho. Akauliza kama ubao mkavu ni kitu hai. Nikamwambia basi, skrubu ziliingia zikiwa safi. Akauliza mwili unajuaje kwamba kitu ni kisafi.

Nikamwambia aendelee kusoma.

Kilichonikera ni kwamba nilidhani jambo hili nalijua. Nani asiyelijua? Seli nyeupe za damu, chanjo, homa, "askari wa mwili". Na hao askari ndio walionipoteza. Askari wa getini humtambua mgeni kwa sababu ana orodha ya wenyeji, au amepewa picha ya mhalifu. Nani alizipa seli zangu orodha? Na kama orodha ipo, skrubu sita za titani zilipitaje?

Mwiba wa Messina

Nilianzia kwa mtu aliyechezea miiba kwa makusudi. Mwishoni mwa 1882 mwanazuolojia Ilya Mechnikov alikuwa akiishi Messina, Sicily. Siku moja familia yake ilikwenda kutazama sarakasi, yeye akabaki na hadubini yake na viluwiluwi vya kiti cha pweza, viumbe vya baharini vinavyopenyeza mwanga kama kioo. Wazo likamjia. Akachukua miiba ya waridi bustanini, akavichoma nayo, akaenda kulala, ingawa mwenyewe alikiri hakulala vizuri. Alfajiri alikuta seli zimeujongelea mwiba na kuuzingira pande zote. Hakukuwa na damu wala neva ya kuziita. Zilikuja zenyewe, tayari kumeza. Kazi iliyoanzia hapo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, aliyoigawana na Paul Ehrlich.

Wengi husimulia kisa hiki kama mwanzo wa ushujaa wa seli walaji. Mimi nilikwama kwenye waridi. Hakuna kiti cha pweza aliyewahi kukutana na waridi chini ya bahari. Mwiba ule haukuwa na picha ukutani wala jina kwenye orodha, na bado seli zilikuja.

Kwa hiyo zamu ya kwanza ya kinga haiulizi jina.

Kidoleni mwangu ilikuwa hivyo hivyo. Usaha nilioukamua ulikuwa kwa sehemu kubwa maiti za nyutrofili, seli nyeupe ambazo uboho wa mifupa hutengeneza kiasi cha bilioni 100 kila siku. Huishi muda mfupi na hutumwa bila kuhesabiwa. Lakini kama zilikimbilia ubao kwa sababu tu ni kitu kilichochoma, basi zilipaswa kuzikimbilia na skrubu. Daktari hakuzipenyeza skrubu zile kwa kubembeleza. Alitoboa mfupa.

Kumbe hazikupuuzwa

Miaka kumi na moja nimeamini kwamba mwili wangu haukuziona skrubu. Si kweli, na nilijihisi kama mtu aliyegundua kwamba majirani aliodhani wanapatana walikuwa wakigombana usiku kucha.

Kitu chochote kigumu kikigusa damu, dakika hiyo hiyo protini za damu hukifunika kama utando. Kisha hufika makrofaji, walaji wakubwa, na kujaribu kukimeza. Kikiwa kikubwa mno, makrofaji kadhaa huungana na kuwa seli moja jitu yenye viini vingi, ambayo hujibandika juu yake na kukisaga kwa asidi. Hilo nalo likishindikana, mwili husuka mfuko wa nyuzi ngumu ukakizungushia, kama mtu anayejenga ukuta kuzunguka jabali lililomshinda kung'oa. Silikoni na plastiki nyingi huishia humo.

Titani imebahatika zaidi. Ikigusa hewa tu hujivika oksidi nyembamba sana isiyoruhusu chuma kumomonyoka kirahisi, na mfupa huota hadi kuishika kabisa. Katika miaka ya 1950 Per-Ingvar Brånemark, daktari Msweden, alipandikiza vyombo vidogo vya titani kwenye mifupa ya sungura ili achunguze mwendo wa damu. Alipotaka kuvitoa vilikataa. Meno mengi ya bandia yanayofungwa kwenye taya leo yanatokana na ukaidi ule.

Swali likabadilika mkononi mwangu. Ugomvi ulikuwepo pote pawili. Mguuni ulizimika palepale. Kidoleni ulipanda hadi kwapani.

Kwapani kuna nini?

Fundi asiyeona kufuli

Tezi za kwapani ni makao ya seli T na seli B, aina mbili za seli nyeupe za damu, na hizi ndizo tunazozisifia tunaposema mwili "unatambua". Kila moja hubeba juu yake vipokezi, yaani protini za kunasia vitu, vya umbo moja tu. Nilidhani maumbo hayo yametungwa kwa kufuata maadui: hili la surua, lile la pepopunda. Sivyo. Mwaka 1976 Susumu Tonegawa, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Basel, Uswisi, alionyesha kwamba seli B inapokomaa hukata vipande vya jeni zake yenyewe na kuviunga upya. Uungaji huo ni wa bahati nasibu. Vipande si vingi, ila michanganyiko yake haihesabiki.

Ni fundi anayechonga funguo usiku na mchana bila kuona hata kufuli moja. Anazirundika kwa mamilioni, na siku kufuli geni likitokea, huenda ufunguo mmoja kati ya zile ukaingia. Ulioingia ndio unaonakiliwa kwa wingi. Wazo hilo alilieleza Macfarlane Burnet wa Australia mwaka 1957, na ndilo linaloeleza kwa nini zamu hii ya pili huchelewa siku kadhaa mara ya kwanza, na kwa nini mara ya pili huwahi. Hakuna aliyejua adui atakuja na sura gani. Kulikuwa na rundo tu.

Lakini fundi asiyeona kufuli atachonga pia funguo za milango ya nyumbani kwake.

Hapa ndipo nilipoanza kukosa usingizi. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi iitwayo thaimasi. Mpaka Jacques Miller alipoiondoa kwa vichanga vya panya na kutangaza matokeo yake mwaka 1961, wengi waliiona kama masalia yasiyo na kazi. Kumbe ni chumba cha mtihani. Seli T changa inayong'ang'ania protini za mwili wenyewe kwa nguvu huamriwa ijiue. Ile isiyoweza kushika chochote nayo hufa. Kati ya 100 zinazoingia, zaidi ya 90 hazitoki.

Nikauliza kwa sauti, peke yangu chumbani: thaimasi iko kifuani, protini za kongosho imezijulia wapi? Jibu lake ni mojawapo ya mambo ya ajabu niliyowahi kusoma. Kuna jeni iitwayo AIRE ambayo huzilazimisha seli za thaimasi kutoa kidogo kidogo protini za viungo vingine, insulini ikiwamo. Yaani ndani ya tezi moja umewekwa mfano wa mwili mzima ili wanafunzi wapimwe nao. Orodha ya wenyeji niliyoitafuta ipo, ila haikabidhiwi askari. Wanaokwaruzana nayo ndio wanaouawa.

Na bado wachache hupenya. Hao hudhibitiwa na seli T za kutuliza, ambazo Shimon Sakaguchi alizitambulisha mwaka 1995 wakati wanasayansi wengi walikuwa wameshachoka na dhana hiyo. Mwaka 2025 alipewa Nobel pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell.

Kwa skrubu zangu nilidhani nimefika. Kazi ya Peter Doherty na Rolf Zinkernagel ya mwaka 1974, huko Canberra, ilifungua njia ya kujua kwamba seli T haitazami kitu kizima. Hutazama kipande kifupi cha protini kilichoshikiliwa juu ya seli nyingine, kama kitu kilichowekwa kiganjani. Titani si protini. Hakuna cha kuweka kiganjani.

Nikampigia mpwa wangu simu, nimejaa fahari. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na nyama, Mjomba? Na maziwa? Si protini za kigeni hizo? Mbona tunakula kila siku?"

Mtoto huyu.

Siri ya Janeway

Alikuwa amenibana pale pale walipobanwa wataalamu wenyewe. Kwa miaka mingi waliotengeneza chanjo walijua jambo ambalo nadharia haikulieleza: ukichoma protini ya kigeni iliyosafishwa sana, mara nyingi mwili huipuuza. Ni ya kigeni kabisa, na hakuna anayeamka. Ilibidi kuongeza kitu cha kuukasirisha mwili, kwa mfano chumvi za aluminiamu ambazo Alexander Glenny alianza kuzitumia mwaka 1926, au mabaki ya bakteria waliouawa. Mwaka 1989, mkutanoni Cold Spring Harbor, Marekani, mtaalamu wa kinga Charles Janeway alisema wazi kwamba hii ilikuwa siri ndogo ya aibu ya fani yao. Akabashiri kwamba lazima kuwe na vipokezi vya aina nyingine, vya kurithi, visivyochongwa kwa bahati nasibu, vinavyozijua alama za jumla za vijidudu.

Vilipatikana. Mwaka 1996 kundi la Jules Hoffmann lilionyesha kwamba nzi wa matunda wasio na jeni iitwayo Toll hufa kwa maambukizi ya kuvu. Mwaka 1998 Bruce Beutler alikuta kwa panya kipokezi cha ukoo huo huo kinachonusa mafuta yaliyo kwenye ukuta wa bakteria. Wawili hao waligawana Nobel ya 2011 na Ralph Steinman, aliyegundua seli za dendriti, wachukuzi wa habari kutoka jerahani hadi tezini. Steinman alikuwa amefariki siku tatu kabla ya tangazo, na waliompa tuzo hawakujua.

Seli ya dendriti haibebi kipande cha protini peke yake. Hubeba na habari za hali iliyokikuta nayo. Kipande bila kengele ya hatari, seli T inayokitambua hunyamazishwa au hufundishwa utulivu, na ndiyo hatima ya protini nyingi za chakula tumboni. Kipande pamoja na kengele, moto unawaka.

Kibanzi changu hakikuwa ubao tu. Kilikuwa kimebeba bakteria wa ubaoni na wa ngozini mwangu. Skrubu ziliingia zimeuliwa vijidudu vyote. Majibu yangu mawili mabovu yalikuwa karibu na ukweli kuliko nilivyostahili: seli zangu zilijua kwamba skrubu ni safi, kwa maana moja tu, kwamba hazikusikia harufu ya bakteria.

Wiki niliyomwamini Matzinger

Ningeishia hapo kama nisingemsoma Polly Matzinger. Ni mwanasayansi aliyewahi kumwandika mbwa wake kuwa mwandishi mwenza wa makala ya kitaalamu, na kwa hilo peke yake nilikuwa tayari kumwamini. Mwaka 1994 alisema wote wanauliza swali lisilo sahihi. Kinga haijali kama kitu ni kigeni. Hujali kama kuna madhara. Seli iliyopasuka humwaga vitu ambavyo hukaa ndani tu seli ikiwa salama, na kumwagika huko ndiko kengele.

Ilinikolea. Mwiba wa waridi ukaeleweka, kwa sababu ulirarua seli. Chakula kikaeleweka, kwa sababu hakirarui. Hata skrubu zikaeleweka, kwa sababu jeraha la mfupa lilipona na kengele ikanyamaza. Wiki nzima nilitembea nikiona dunia kwa jicho la Matzinger.

Kisha nikakumbuka figo.

Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, Joseph Murray na wenzake walihamisha figo kutoka kwa pacha mmoja hadi kwa mwenzake wa kufanana naye. Figo ilikubalika, na aliyepewa aliishi miaka minane zaidi. Kabla ya hapo, figo za watu wengine zilikuwa zikikataliwa. Sasa angalia: kisu ni kile kile. Seli zinapasuka kiasi kile kile. Damu inakatika na kurudishwa vile vile. Madhara ni sawa, kilichobadilika ni nani mwenye figo. Kama hatari peke yake ndiyo hakimu, pacha na asiye pacha wangepata hukumu moja.

Ugeni ukarudi mlangoni, na mimi nilikuwa nimeshaufukuza.

Sanduku la funguo mbili

Nilipofikia sasa ni hapa, na sidai ni kituo cha mwisho. Kuna masanduku ya fedha yasiyofunguka kwa ufunguo mmoja: mweka hazina ana wake, katibu ana wake, na lazima wawepo wote. Ufunguo wa kwanza ni umbo: je, kuna seli iliyofaulu mtihani wa thaimasi ambayo inakishika kipande hiki? Wa pili ni kengele: je, kimekuja na bakteria au na uharibifu? Figo ya pacha ina kengele, haina umbo geni. Maziwa ninayokunywa yana umbo geni, hayana kengele. Kibanzi kilikuja na vyote viwili. Titani haina umbo la kuweka kiganjani, na kengele yake ilizima jeraha lilipopona.

Nikeli ndiyo iliyonishawishi zaidi. Ni metali kama titani, lakini watu wengi huwashwa na hereni au kishikizo chenye nikeli. Chembe zake huyeyuka kwenye jasho, hujibandika kwenye protini za mwili na kuzibadili sura, na hapo umbo geni limepatikana. Zaidi ya hapo huweza kukichokoza moja kwa moja kipokezi kile kile cha Beutler, kana kwamba bakteria wamefika. Metali moja imeghushi funguo zote mbili.

Jicho la pili

Kisha kuna jambo linalovuruga neno "kigeni" kabisa.

Mtu akichomwa jicho moja kwa kitu chenye ncha, mara chache sana, baada ya wiki au miezi, jicho la pili ambalo halikuguswa huanza kuvimba na kupoteza nuru. Madaktari wanalijua tatizo hili tangu zamani na hulihofia. Maelezo yanayokubalika ni kwamba ndani ya jicho kuna protini ambazo kinga kwa kawaida haikutani nazo, kwa sababu jicho limetengwa na msako wa kila siku. Jeraha huzimwaga, seli za dendriti huzibeba hadi tezini, kengele ikilia. Seli T zilizopenya mtihani wa thaimasi huzikuta kwa mara ya kwanza. Kisha zinatoka kwenda kuzitafuta, na zinazikuta kwenye jicho lile lisiloguswa.

Protini hizo ni za mtu mwenyewe tangu kuzaliwa. Hakuna kitu cha nje hata kimoja kilichobaki mwilini, ncha ilishatolewa. Ila kwa seli zile, ni wageni walioonekana kwanza mahali pa vurugu.

Nililisoma hilo usiku, nikajikuta nimefunika jicho moja kwa kiganja.

Daftari

Juzi alikuja na daftari lake. Alikuwa amefanya jaribio, na swali la nne lilikuwa lile lile: eleza kazi ya mfumo wa kinga. Nikatafuta funguo mbili, thaimasi, kengele, chochote katika yote niliyomsimulia kwa simu kwa wiki saba. Ameandika: "Hutambua kitu kigeni kilichoingia mwilini na kukishambulia." Vema nyekundu, alama mbili kati ya mbili.

"Mjomba, wanataka hivyo," akasema kabla sijafungua mdomo.

Nikamrudishia. Ndipo nikaona pembeni, kwa penseli, maandishi madogo ambayo mwalimu ama hakuyaona au aliyaacha makusudi: "isipokuwa skrubu 6".